Kuoshwa kwa Ndege ya Getini Bila Mchoraji Kuulizwa

Kwa Kamanda wa Kituo cha Ndege za Jeshi,
Geti Kuu.

Ndugu Kamanda,

Salamu za heshima zikufikie wewe, maofisa wako na wote wanaolala na viatu miguuni ili sisi tulale bila viatu. Huku kwetu, nyuma ya ghorofa jipya, hatujambo, isipokuwa baba mkwe, ambaye ndiye sababu ya barua hii, na isipokuwa mimi, ambaye tangu wiki iliyopita chakula hakipiti. Chanzo cha yote ni sabuni yenu.

Naomba nijitambulishe. Mimi ni mchoraji wa kupuliza. Brashi ya manyoya niliiacha zamani. Natumia kipulizio kidogo kinachoshikwa kama kalamu, kinachovuta upepo kwa mpira kutoka kwenye kompresa na kutoa rangi laini kama mvuke wa chai. Milango ya malori mengi yanayopita mbele ya geti lako nimeichora mimi. Yule simba wa lori la maziwa ni wangu. Baba mkwe husema simba huyo ana macho ya kondoo, na alilisema hilo siku niliyokwenda kuposa, mbele ya wazee wangu, lakini hilo halimo katika malalamiko ya leo.

Baba mkwe mwenyewe si mgeni kwenu. Alikuwa fundi wa injini kituoni hapo tangu kijana mpaka alipokabidhi vifaa vyake. Ndege aliyoihangaikia kuliko zote ndiyo hiyo mliyoiweka getini kama kumbukumbu, imesimama kwa magurudumu yake juu ya jukwaa la saruji. Walistaafu mwaka mmoja, yeye na ndege. Ndege ikabaki getini, yeye akabaki barazani kwake, ng'ambo ya uwanja, na kila alasiri alitoa kiti, akakaa, akatazama upande ule. Si mtu wa maneno. Akikaa amekaa. Aliyepita mbele yake na kumziba aliambiwa asogee, hata akiwa mjukuu wake, hata akiwa mimi.

Kisha likajengwa ghorofa katikati ya uwanja. Mwenye ghorofa ni mtu mwenye kibali na haraka zake, na upande unaotazama kwetu hakuweka hata dirisha la choo. Baba mkwe alitoka barazani alasiri moja akakuta ukuta. Tangu hapo kiti chake kimeingizwa ndani na kimeelekezwa jikoni. Hali yake imebadilika. Anashtuka ovyo. Mama mkwe, ambaye ana meza ya nyuzi na vitambaa sokoni, akirudi alasiri na kuingia uani kwake mwenyewe, mzee anaruka kwenye kiti na kumgombeza kwamba anaingia kama mwizi, bila taarifa. Mama mkwe naye humjibu kwamba hajawahi kuona mtu anapiga hodi kwake. Basi hununiana mpaka jua linazama. Haya yote, Ndugu Kamanda, ni kwa kukosa ndege.

Juu ya hayo ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema ni upasuaji mdogo wa kwenda na kurudi, lakini akizidi kuchelewa mambo yatakuwa mengine. Mke wangu amembembeleza. Mama mkwe amembembeleza, kwa kununa na bila kununa. Daktari amempigia simu mwenyewe. Jibu lake ni moja, na nalinukuu kwa sababu ndilo lililonitoa kwenye karakana yangu na kunipandisha ngazi:

"Nifunguliwe macho nione ukuta?"

Hapo mke wangu akanitazama. Kama umeoa, Ndugu Kamanda, unajua kutazamwa kwa namna hiyo. Nikaenda kwa mwenye ghorofa nikamwomba ukuta wake. Nia yangu ilikuwa kuchora juu ya ukuta kile kile ambacho ukuta umekificha, kwa kipimo na pembe ile ile kinavyoonekana mtu akiwa kwenye kiti cha mzee, ili ukuta uwe kama haupo. Mwenye ghorofa alikubali kwa sharti kwamba maneno "Vyumba vinapangishwa" pamoja na namba yake ya simu yakae mahali pa kuonekana. Alitaka yakae ubavuni mwa ndege. Tulivutana sana. Mwisho tuliafikiana yakae angani, upande wa kushoto, kwa rangi ya wingu la mvua.

Nilifanya kazi kwa adabu zote za fani. Nilikuja getini kwako asubuhi baada ya asubuhi na karatasi na penseli, mpaka askari wako wakanizoea na kuniuliza maoni yangu kuhusu rangi ya choo chao. Nilipaka praima, nikapiga mistari kwa uzi na chaki, nikaziba kwa magazeti na tepu ya karatasi, kisha nikaanza na kijivu chembamba mno, tabaka juu ya tabaka, hata siku ya kwanza mpangaji mmoja akaniuliza kama nachora moshi. Kila ribiti, ile pini ya kubana mabati ya ndege, nimeipa nukta yake ya mwanga na kivuli chake. Kioo cha rubani peke yake kilininywesha maji ya jagi zima: humo ndani nimeweka mawingu yaliyo nyuma ya mtazamaji, na ukisogea karibu utaona bati la nyumba ya baba mkwe limepinda kwa kufuata mviringo wa kioo. Yule mpangaji alirudi nilipomaliza mkia, akauliza kama itapiga kelele.

Mzee alitolewa nje mara kadhaa kukagua, mke wangu akimshika mkono. Hakutazama mkia, hakutazama bawa, na kile kioo hakukiona kabisa. Alitazama chini tu, usawa wa magurudumu, akapitisha macho yake mabovu kutoka kushoto mpaka kulia, polepole, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Nilielewa papo hapo, maana mimi ni mtu wa kazi za mikono: fundi wa ndege hutazama magurudumu kwanza. Nikayarudia magurudumu. Akatolewa tena, akatazama chini tena, akatikisa kichwa tena. Nikayarudia tena.

Nilikuwa nimekaribia kufika. Ndipo wiki iliyopita akaja rafiki yake mzee, fundi mwenzake mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Spana, akakaa kunywa chai na kutangaza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea kando ya injini kwamba ndege ya getini imeoshwa na kupakwa rangi upya kwa ajili ya sherehe zenu, na inang'aa kama sufuria ambalo halijawahi kuona moto. Baba mkwe akaweka kikombe chini. Alisema kama ni hivyo basi hata huo ukuta ni uongo, na kwa daktari asipelekwe. Nafasi tuliyopewa hospitali ni ya wiki ijayo. Ikipita hatujui tutapata lini nyingine, wala kama atakuwa bado anaona hata huo mwanga kidogo.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu, nikiyapanga kwa namba ili ofisi yako isipate taabu.

1. Masizi. Nyuma ya bomba la injini palikuwa na masizi yaliyotambaa kuelekea mkiani, meusi hapa, ya kahawia pale, mpaka yanapotea yenyewe bila kuonyesha yamepotelea wapi. Masizi kama hayo si ya kuchorwa kwa pupa. Nilichanganya nyeusi na thina nyingi, nikanyoosha mkono wote, nikapuliza huku nimebana pumzi, kwa kuwa mchoraji akihema na rangi inahema. Nyinyi mmeyatoa kwa ndoo na brashi ya sakafu. Sitaki mtu amwage unga kwa ajili yangu. Naomba tu yarudishwe. Kama injini haiwaki tena, kibatari kinatosha, na niko tayari kuja kuonyesha mahali pa kukishika.

2. Kiraka. Bawa la kushoto lilikuwa na kiraka cha bati lenye rangi ya peke yake. Nyumbani kwetu kiraka hicho kina heshima, kwa kuwa tunajua ni kazi ya mkono wa baba mkwe. Mke wangu amekua akioneshwa kwa mbali: kile pale, cha baba yako. Sasa mmekipaka rangi moja na bawa zima, hakijulikani kilipo. Ni kumfuta mtu angali anakula na kulala. Ukutani kwangu kiraka kipo, na jua likiinama utadhani unaweza kukichomeka ukucha. Naomba rangi ikwanguliwe, kwa upole, kwa kufuata kingo.

3. Kiota. Katika tundu la kuvutia hewa, upande wa kulia, shomoro walikuwa wamejenga. Majani makavu yalining'inia nje pamoja na uzi mmoja mwekundu, ambao naamini ulitoka kwenye meza ya mama mkwe. Uzi huo nimeuchora, na nathubutu kusema umetoka vizuri kuliko bawa. Nasikia kiota mmekitoa kwa fimbo. Naomba shomoro washawishiwe kurudi, na wakirudi wakute uzi wa rangi ile ile. Nimeuambatanisha na barua hii.

4. Tairi. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Tairi la mbele la ndege hiyo lilikuwa limelegea. Halikuwa pancha, lilikuwa limekaa tu, kama mtu mzima anavyokaa baada ya kula. Tumbo lake lilitoka kidogo upande wa kulia, mpira ulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino, na chini yake palikuwa na doa la mafuta ya zamani lenye vumbi juu. Nimelichora tairi hilo mara nyingi kuliko nilivyochora kitu chochote maishani, akiwemo simba. Nimelichora likiwa limelegea sana, nikaona nimetia chumvi. Nimelichora limelegea kidogo, nikaona nimempaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwisho nililipata. Mke wangu aliliangalia akasema tairi hili limechoka, na mke wangu si mtu wa kusifu. Na humo humo, katika sehemu pekee ya ndege ambayo baba mkwe huitazama, ndimo mlimoleta pampu mkajaza upepo. Spana anasema limekaza hata ukiligonga linalia. Ndugu Kamanda, ndege hiyo haiendi popote. Upepo huo ni wa nini? Naomba utolewe. Usitolewe wote. Utolewe mpaka nitakaponyanyua mkono.

5. Askari wa zamu, pamoja na njia. Mbele ya jukwaa la ndege kuna njia ya miguu inayotoka sokoni. Njia hiyo nimeiondoa katika picha na kuiziba kwa nyasi ndefu, kwa sababu ndege ya vita haipendezi ikikatizwa na watu wenye vikapu. Mahali pao nimemsimamisha askari wako wa zamu, peke yake, bunduki begani, mdomo umefungwa. Nasikitika kukuarifu kwamba askari mwenyewe hafanani na picha. Ni mtu wa maneno. Kila apitaye anamsimamisha, amuulize habari za nyumbani, habari za biashara, habari za magoti. Mama mkwe analalamika kwamba kila alasiri anacheleweshwa hapo na kikapu kichwani. Naomba askari huyo afunge mdomo, na njia ifungwe pia, ili nyasi zipate kuota kama nilivyozichora. Watu wa sokoni watazunguka. Wamezoea kuzunguka, tangu ghorofa lijengwe wanazunguka.

6. Bendera na jua. Katika picha ni alasiri, bendera imelala na jua limeinama nyuma ya mgongo wa mzee. Kuhusu bendera, naomba isipeperuke saa hizo. Kuhusu jua, naelewa kwamba haliko moja kwa moja chini ya kituo chako, lakini liko angani, na anga tunaambiwa ni lenu. Sitaki lisimamishwe. Nataka tu lisiwe linazidi pale kwenye ribiti za shingoni, ambako nimekwisha kuweka kivuli na siwezi kukitoa bila kurudia ubavu mzima.

7. Iwapo hayo sita yatashindikana, na nimefanya kazi na ofisi za kutosha kujua kwamba yanaweza kushindikana, basi limebaki jambo moja rahisi lisilohitaji pampu wala sabuni. Naomba utangaze kwamba ndege iliyo ukutani ndiyo ndege yenyewe, na hiyo ya getini ni nakala iliyokosewa. Ipime kwa haki. Ya ukutani ina masizi, ina kiraka, ina kiota, na tairi lake limekaa. Ya kwenu haina hata kimoja. Mgeni akiulizwa ipi iliruka vitani na ipi ilitengenezwa juzi kwa rangi, atanyooshea kidole kwetu bila kusita. Kwa hiyo sherehe zenu zifanyike uani kwa baba mkwe. Gwaride litatosha likijibana, isipokuwa bendi, ambayo itabidi ipige ikiwa kwa jirani. Saluti zielekezwe kulia kidogo, zisije zikaishia kwenye namba ya simu ya mwenye ghorofa. Viatu vivuliwe kabla ya kupanda barazani, mama mkwe hana mchezo na sakafu yake. Na hiyo ya getini ifunikwe turubai mpaka itakapochafuka upya kwa njia za halali.

Usidhani naandika kwa kutafuta sifa. Ningetaka sifa ningebaki na malori, ambako wenye mali hunisifu kabla hata rangi haijakauka. Ukweli ni kwamba baba mkwe nilimwogopa tangu siku ya posa, na sasa nikimwona amekaa ameelekea jiko, anapapasa meza kutafuta kikombe kilicho mbele yake, namwonea huruma. Woga na huruma ni vitu viwili visivyokaa vizuri katika kifua kimoja. Nataka akubali kwenda kwa daktari. Akishapona akitaka kuniambia ndege yangu ina macho ya kondoo, nitamsikiliza nikiwa nimesimama.

Natumaini utalishughulikia suala hili kabla ya wiki ijayo, maana baada ya hapo masizi hayatatusaidia.

Wasalimie maofisa wote, marubani na wake zao, wapishi, wafagizi, na hata wale walioshika brashi, kwa sababu najua walitumwa. Mke wangu anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu, anasema una askari mwenye roho nzuri ila ulimi hauna breki. Mwenye ghorofa anakusalimu na kuuliza kama kuna ofisa anayetafuta chumba. Baba mkwe hakusalimu, lakini hajui kama nakuandikia.

Ni mimi niliye chini ya anga lako,

Mchoraji wa kupuliza,
mkwe wa Fundi wa Injini (mstaafu).

Nakala: Spana, ajue kazi ya ulimi wake.

Nyongeza, baada ya kusaini:

Ndugu Kamanda, kabla ya kuifunga barua hii niliisoma kwa sauti uani, ili mke wangu asikie kama nimeandika kwa adabu. Sikujua kwamba mzee alikuwa ametega sikio huko ndani. Kwenye kiraka alikohoa, na baadaye amenieleza kwamba kile kiraka alikipiga Spana, tena alikipiga vibaya, na miaka yote hii amekosa tu nafasi ya kutusahihisha. Kwenye tairi nilisikia kiti kinasogea. Nilipofika namba tano alitoka nje peke yake, anapapasa mlango, akasema:

"Njia umeiziba?"

Nikamjibu ndiyo, kwa nyasi, ili ndege ionekane. Mzee akakaa kwenye kizingiti. Akasema ndege ile ilimla mikono na masikio ujana wake wote, na siku aliyoachana nayo alishukuru. Aitazame tena ya nini? Yeye alikuwa anatazama njia. Kila alasiri mama mkwe hutokea kwenye kona ya geti, kikapu kichwani, bega moja limeshuka, anapita mbele ya magurudumu, anasimamishwa na askari, anaachiwa, anakata uwanja. Sura yake mzee hakuiona siku nyingi kwa hayo macho, lakini mwendo wake anaujua, na akishauona huinuka kubandika chai, ili mwenye nyumba akifika akute inachemka. Siku hizi anazuka tu nyuma ya ukuta. Chai haijabandikwa, na mzee anaonekana kama mtu ambaye hakuwa akimsubiri. Hilo ndilo lililokuwa likimgombesha.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, na ndoo mkononi. Ndoo aliitua.

Asubuhi yake niling'oa nyasi zangu zote. Nilipuliza njia, vumbi lake na alama za visigino, na juu ya njia nikampuliza mama mkwe kwa nguo yake ya bluu, kikapu, na lile bega. Mzee akatolewa nje. Alitazama chini, kama kawaida, kutoka kushoto mpaka kulia, na katikati akasimama. Alitazama mpaka nikaanza kukunja mpira wa kompresa, kwa kukosa cha kufanya na mikono. Kisha akaniuliza:

"Mbona hafiki?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la kitaalamu mama mkwe alipochukua kikapu kitupu nyuma ya mlango, akajitwika, akatoka, akalizunguka ghorofa lote. Tulimsubiri. Alitokea upande wa pili, bega limeshuka, akakatiza mbele ya picha yake mwenyewe bila kuitazama, akaja mpaka barazani, akatua kikapu. Mzee alikuwa ameshainuka. Akiwa jikoni, ametupa mgongo, anahangaika na kiberiti, alimwambia mke wangu ampigie daktari, wiki ijayo atakwenda. Anataka kuona kama sura imebaki vile vile.

Hapo mke wangu akauliza kwa nini kiti hakikusogezwa tangu mwanzo mpaka kwenye kona ya ghorofa, ambako geti, njia na uwanja vinaonekana vyote bila kizuizi. Kiti kimesogezwa.

Kwa hiyo malalamiko yangu nayafuta. Osheni ndege mpendavyo. Tairi lijazeni mpaka lilie; katika picha limefunikwa na nguo ya mama mkwe, na ni pale pale nilipochora zile nyufa. Hata mkiiondoa ndege nzima, upande wetu hakuna atakayegundua. Picha itabaki, kwa sababu mwenye ghorofa anasema simu zimeanza kupigwa. Uzi mwekundu nimeutoa kwenye barua, nimeambiwa ni wa kuuza. Baba mkwe amesema ule mwendo nimeupata. Kuhusu simba hajabadili kauli.

Ibaki nusu tu ya namba tano. Askari wa ukutani nimemsogeza pembeni, njia iko wazi. Naomba na wa kwenu asogee. Mama mkwe akipita alasiri, amsalimu kwa kifupi na kumwacha aende. Anasubiriwa.